Printa Aliyoinunua Bwana Kesho

Kazini kwetu, kwenye ghala la vigae na rangi, kuna mtunza ghala ambaye wenye maduka wote wa mtaa ule walimwita Bwana Kesho. Hakupewa jina hilo kwa uvivu. Katika miaka kumi na minne tuliyofanya kazi pamoja, yeye ndani akihesabu maboksi, mimi mlangoni nikigonga mihuri kwenye hati za mizigo, sikumbuki hata siku moja aliyochelewa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya namna alivyonunua vitu. Akitaka birika la umeme, ataingia duka la kwanza, atalishika, atalipindua chini juu, atauliza waya wake una urefu gani na ukikatika unapatikana wapi mwingine, kisha atamwambia muuzaji, "Nitarudi kesho." Kesho yake yuko duka la pili. Godoro lao alilitafuta mwezi mzima na siku tatu, na siku zote hizo mkewe alilala kwenye lile la zamani lililobonyea katikati kama sahani ya mchuzi.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Sote tulimwita Mwalimu, mumewe vilevile, na binti yao pia pale alipotaka kumtania. Siku moja walinikaribisha chai, na Mwalimu akaniambia mbele ya mumewe, "Shemeji, bahati yangu sikuwa na bei. Ningekuwa na bei, huyu mpaka leo angekuwa anazunguka kuniulizia kwa majirani." Mumewe akajitetea kuwa haraka haraka haina baraka. Mwalimu akaitikia kwa sauti ya darasani, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Tukacheka wote watatu mpaka chai ikamwagika kitambaani.

Mwaka uliofuata tumbo la Mwalimu likaanza kuuma kweli. Kwanza walidhani ni vidonda, akanywa dawa za vidonda. Kisha akakonda, macho yakawa na umanjano, akapelekwa hospitali kubwa akapigwa picha. Kulikuwa na uvimbe kwenye ini, na ulikuwa umeshatawanyika. Daktari alimvuta mume pembeni, kwenye korido, akamwambia waziwazi kwamba hapo cha kuhesabu ni miezi, na huenda isiwe mingi. Bwana Kesho akarudi kwenye chumba alimolazwa mkewe, akakaa kitandani, akamwambia mkewe dawa zitachukua muda kidogo kufanya kazi lakini zitafanya. Mwalimu akasema, "Haya." Hakuuliza zaidi.

Binti yao, anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli mji mwingine, aliomba likizo akaja kumuuguza mama yake. Alikuja na kompyuta yake, na kompyuta hiyo ndiyo iliyozaa habari ya printa.

Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa akiwaandikia mazoezi wale watoto wanaobaki nyuma, wale ambao wenzao wameshasoma hadithi nzima na wao bado wanahangaika na silabi. Aliandika kwa mkono, kwenye karatasi za daftari, akanakili, akagawa, zikachanika, akaandika tena. Sasa alitaka kuyakusanya yote yawe kitabu kimoja cha masomo thelathini. Alilala amejiegemeza kwenye mito mitatu, akasema, na binti akaandika kwenye kompyuta. Lakini hakuweza kusahihisha kwenye kioo. Mwanga ulimchoma macho, na mistari ilimtoroka. Maisha yake yote alikuwa amesahihisha kwenye karatasi, kalamu nyekundu mkononi. Walijaribu kupeleka kazi kwenye steshenari ya pale barabarani, lakini ilikuwa kwenda na kurudi, kupanga foleni, na kila akibadilisha neno moja safari inaanza upya. Jumatatu moja asubuhi, mumewe akifunga viatu aende kazini, akamwambia, "Ninunulie printa. Yoyote, ya bei nafuu tu."

Bwana Kesho alifika ghalani siku hiyo akiwa na uso niliokuwa sijauona kwa wiki kadhaa. Alikuwa na kazi ya kufanya. Wakati wa chai alitoa daftari jipya, akachora mistari kwa rula, akaandika juu: bei, wino, kurasa, umeme, kelele, vipuri.

Saa kumi tulipofunga, aliingia duka la kwanza, lile kubwa la vifaa vya umeme. Huko alikuta printa ndogo nyeupe, bei yake ya kutupa, imebandikwa karatasi nyekundu ya punguzo. Mtu mwingine angelipa na kwenda zake. Yeye akauliza bei ya katriji ya wino. Muuzaji akatazama pembeni kidogo kabla ya kujibu, maana katriji mbili zilikaribia bei ya mashine yenyewe, na zile zinazokuja ndani ya boksi hujazwa nusu tu. Akaandika kwenye daftari: cha rahisi ni ghali. Akasema atarudi kesho.

Duka la pili waliuza mashine zilizotumika maofisini. Wakamwonyesha moja ya leza, nzito kama jiko, inayochapa nyeusi tu, lakini tona yake, yaani wino wake wa unga, haikauki hata ukiiacha mwaka. Aliipenda sana. Alirudi kuitazama jioni tatu. Jioni ya kwanza alisikiliza kelele zake. Ya pili akauliza inakula umeme kiasi gani. Ya tatu akanusa hewa inayotoka nyuma yake, akahofia kwamba harufu ile ya moto itamtapisha mgonjwa. Aliniambia habari hizi kila asubuhi, kwa kirefu, na mimi nilimsikiliza nikifurahi kwamba mwenzangu amepata cha kuzungumza. Sikumwambia chochote. Hilo nami ninalo moyoni.

Alikuwa akifika nyumbani jua limeshazama. Mwalimu alikuwa anamuuliza, "Umeipata?" Naye alikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, akafungua daftari, akamweleza tofauti ya wino wa maji na wino wa unga. Mara nyingi alipoinua macho alimkuta amelala.

Duka la tatu lilikuwa dogo, limebanwa kati ya saluni na duka la dawa. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alimwonyesha printa yenye matangi ya wino ubavuni, ambayo wino wake hununuliwa kwa chupa na kumiminwa. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ndogo nyeupe, ambayo hata hapo ilikuwepo, lakini chupa moja ya wino mweusi ilitosha maelfu ya kurasa. Bwana Kesho akaandika, akauliza, akaandika tena. Alienda duka hilo jioni nyingi kuliko maduka yote. Mama yule hakuchoka naye. Jioni moja aliweka kalamu mezani, akamwambia kwamba yeye ameshajibu maswali mengi, sasa naye ana mawili.

"Unachapa kurasa ngapi kwa siku, baba?"

"Kumi. Zikizidi, kumi na tano."

"Na utaitumia kwa muda gani?"

Akafunua daftari ukurasa mmoja, kisha mwingine. Yule mama akadhani hakueleweka, akafafanua kwa upole. "Nauliza kwa sababu hii ya matangi inarudisha gharama yake baada ya mwaka hivi. Ukikaa nayo miaka miwili, mitatu, utanikumbuka kwa wema. Lakini kama ni kazi ya miezi miwili tu, sitakudanganya. Chukua ile ndogo ya bei rahisi, umalize kazi yako."

Akamwambia atarudi kesho, akatoka haraka, akaenda kukaa kwenye ngazi za duka la dawa. Watu walikuwa wakimruka kuingia na kutoka. Asubuhi yake aliniambia, "Maswali yote nilikuwa nimejiandaa nayo. Hilo sikujiandaa nalo."

Jioni hiyo alimpelekea mkewe hesabu nzima. Alimweleza ile ndogo na ile ya matangi, akampa kila sababu isipokuwa ile moja. Mwalimu alikuwa macho, kichwa chake chepesi siku hiyo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Chukua ile ndogo," akasema.

Bwana Kesho akaanza kumwonyesha kwa kidole kwenye daftari, kwamba ndogo ni hasara, kwamba ukizidisha katriji kwa miezi, baada ya miaka miwili utakuwa umelipa mara nne.

"Mwenzangu," Mwalimu akamkatiza, "miaka miwili ya nani?"

Hapo ndipo alipojua kwamba mkewe anajua, na kwamba amejua siku zote, labda tangu kile chumba cha hospitali aliposema haya. Alifunga daftari. Mwalimu akanyoosha mkono, akamshika ukosi wa shati, akaunyoosha ukosi ule kama anavyowanyooshea watoto wa darasa lake mstarini. Binti, aliyekuwa jikoni na mlango wazi, alisikia yote akashindwa kuingia na uji.

Kesho yake Bwana Kesho aliomba ruhusa saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alienda moja kwa moja duka la tatu, akanunua ile ya matangi. Nilimuuliza baadaye kwa nini, ikiwa Mwalimu mwenyewe alitaka ndogo. Alisema aliishika ile ndogo mkononi, akashindwa kufika nayo kwenye kaunta. Ilikuwa kama kutia saini.

Aliliweka boksi juu ya kochi, mbele ya kitanda walichokuwa wamekihamishia sebuleni. Mwalimu alilitazama. Ubavuni mwa boksi palibandikwa karatasi ya waranti, akaisoma kwa sauti kama mtoto anayejifunza, akitenga silabi: mi-a-ka mi-wi-li. Akamtazama mumewe. Hakumsuta.

"Haya," akasema. "Ifungue basi."

Kumimina wino kulimshinda yule aliyekuwa amesoma habari za wino kwa wiki mbili na zaidi. Chupa ilimponyoka, vidole vikawa vyeusi, tone likaangukia shuka. Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu, na bado akaendelea kucheka. Karatasi ya kwanza ilipotoka, ya majaribio, ina mistari ya rangi tu, aliiomba, akaishika kwa mikono miwili, akainusa. Kisha ikatoka ya pili, somo la kwanza, herufi kubwa, nyeusi tii. Mbuzi ameiba kofia ya mjomba. Mjomba anamkimbiza mbuzi. Mbuzi ana mbio kuliko mjomba. Akaomba kalamu nyekundu, na kabla hajamaliza ukurasa alikuwa ameshapata makosa mawili ya binti yake.

Walipata siku tisa nzuri. Nilienda kuwatembelea siku ya nne au ya tano. Sebule ilikuwa imekuwa ofisi. Binti kwenye kompyuta, baba kwenye printa akipokea kurasa moja moja na kuzipuliza kana kwamba ni maandazi ya moto, Mwalimu kitandani akizitia wekundu na kuzirudisha. Aliwasema wote wawili. Alimwambia mumewe kwamba karatasi ameiweka kinyume, akamwambia binti kwamba neno hilo linataka pumzi nyingi mno, mtoto atachoka njiani. Nilipoaga aliniambia, "Shemeji, mwambie bosi wenu huyu nimemwajiri mimi." Nilitoka pale nikiamini, kwa dakika kama tatu hivi, kwamba madaktari wamekosea.

Siku ya kumi maji yakazidi unga. Maumivu yalipanda, wakamwongezea dawa, na dawa ikamlaza. Alikuwa akiamka kidogo, anatafuta kalamu kwa kupapasa shuka, anaweka alama mahali pasipo na kosa, analala tena. Somo la ishirini na mbili ndilo la mwisho alilolisahihisha kwa akili yake. Mumewe sasa hakuenda kazini kabisa. Alikaa. Mwalimu alifariki Jumanne asubuhi, mvua ndogo ikinyesha, mumewe upande huu na binti upande ule, na binti aliniambia kwamba baba yake aliendelea kumwita Mwalimu, Mwalimu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha mlango na hataki kuwasumbua walio ndani.

Tulimzika. Watoto wa darasa la pili walikuja na sare zao.

Wiki mbili baadaye, watu wameshatawanyika, Bwana Kesho na binti yake walikuwa wakipanga vitu. Chini ya kiti alichokuwa akikalia jioni, baba alikuta lile daftari la printa. Aliliokota akalifungua, pengine kwa mazoea tu. Kwenye kila ukurasa, kama tunavyoandika ghalani, alikuwa ameweka tarehe juu, pembeni kulia. Alianza na ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akafunua. Zilikuwa siku kumi na tisa tangu Jumatatu ile Mwalimu alipoomba hadi siku aliponunua.

Binti alimkuta amekaa sakafuni, daftari liko mapajani, anazirudia tarehe kwa kidole.

"Siku kumi na tisa," alimwambia. "Mimi nilikuwa natafuta printa siku kumi na tisa. Alikuwa na nguvu siku zote hizo. Angemaliza kitabu chake na zingebaki."

Binti akataka kumpoza. Akamwambia mama alijua. Alikuwa akisema, mwache baba yako azunguke, dukani anapata kupumua. Dukani hakuna mtu anayemuonea huruma, ni mteja tu kama wateja wengine.

Bwana Kesho akauliza, "Hakusema chochote kingine?"

Binti ni mtu mkweli, amechukua kwa mama yake. Angeweza kusema hapana. Aliniambia mpaka leo anajilaumu kwamba hakusema hapana.

"Saa kumi na moja ikifika," akamjibu, "alikuwa ananiambia nimfungulie dirisha. Alitaka kusikia geti."

Saa kumi na moja ndiyo saa aliyokuwa akifika nyumbani miaka yote, kabla ya maduka.

Aliporudi kazini hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alihesabu maboksi yake, hesabu zake zilikuwa sawa. Ila siku moja tukinywa chai alinieleza mwenyewe, taratibu, kama anayesoma hati ya mzigo. Kwamba wino na umeme na vipuri vilikuwa kisingizio. Kwamba nyumbani kila alipomtazama Mwalimu alimuona anapungua, na kule dukani vitu vyote vilikuwa vipya, vimefungwa kwenye nailoni, vina waranti. Kwamba alijua anachokifanya hata wakati anakifanya, siyo sana, lakini alijua. Nilimwambia angalau alimnunulia, na walipata zile siku tisa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Zingekuwa ishirini na nane." Mimi ni karani, kujumlisha naweza. Nikamwongezea chai.

Shule walikitaka kitabu. Mwalimu mwenzake, yule aliyeshika darasa lake, alisema wangechapa nakala huko huko ofisini kwao. Bwana Kesho akakataa. Alichapa mwenyewe nyumbani, nakala arobaini, kwa siku nne za mapumziko, akazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Masomo ishirini na mbili yamesahihishwa, saba yameachwa kama yalivyotoka kwenye kompyuta, na la thelathini lina kichwa tu, maana Mwalimu hakufika hapo. Kichwa chake ni Safari ya Bibi. Chini yake hakuna kitu. Alizipeleka shuleni kwenye maboksi mawili ya vigae, wakamwomba akae asikilize watoto wakisoma. Alisikiliza kwa muda mfupi, akasema amesahau kitu nje, hakurudi tena.

Jumapili iliyopita nilipita kwake. Nilimkuta mezani, kompyuta aliyoachiwa na binti iko mbele yake, anabonyeza kwa kidole kimoja. Alikuwa akijaribu kuliandika somo la thelathini. Ilikuwa Jumapili ya tano au ya sita anajaribu. Alibonyeza, printa ikaamka, ikatoa ukurasa mmoja, akanipa nisome. Bibi anasafiri. Bibi ana mzigo mmoja. Mzigo una kilo kumi na mbili. Bibi amefika salama.

Alinitazama nikisoma. Nilisema ni nzuri, imenyooka, haina kosa.

"Ndiyo, haina kosa," akasema. "Lakini Mwalimu alikuwa akisema mtoto akicheka mwisho wa mstari, ndipo ujue amefika. Hapo umecheka wapi?"

Sikuwa nimecheka. Akauchukua ukurasa, akauweka juu ya zingine, zilikuwa nyingi, akazifunika printa na kurasa kwa kitambaa kimoja. Akanimiminia chai. Tulizungumza kuhusu mzigo wa vigae uliofika Ijumaa nusu umevunjika, na nani atalipa, na nilipoaga akanisindikiza hadi barabarani, akasimama nami mpaka nikapata usafiri.